Maji ya Betri

Watu wa Nakuru tunajulikana kwa meno. Ukikutana na mtu huko Nairobi, akatabasamu ukaona meno ya rangi ya chai, huna haja ya kumuuliza kwao ni wapi. Ni maji yetu. Hutoka ardhini yakiwa na madini mengi, na madini hayo huingia kwenye meno ya mtoto yasitoke tena. Mimi nilijifunza zamani kucheka nikiwa nimefumba mdomo, na watu husema Jepleting ana maringo. Waseme.

Nimeanza na maji kwa sababu Mwalimu Hiram Muiruri naye alikuwa akianzia hapo. Alinifundisha kemia chuoni, na alipostaafu akaniita nimsaidie katika maabara yake, chumba kimoja cha mabati nyuma ya nyumba yake mtaani Section 58. Sheria yake ya kwanza ilikuwa kwamba maji ya mfereji yasiingie mle ndani hata tone. Tulinunua maji ya betri, yale yaliyochemshwa yakawa mvuke kisha yakarudishwa kuwa maji, ambayo mafundi wa magari hutia kwenye betri. Nilikuwa nikienda kwa fundi na mtungi wetu wa plastiki wa manjano, ananijazia nusu, narudi nimeukumbatia kwenye boda boda.

Sheria yake ya pili ilikuwa ngumu zaidi. Jibu likibadilika, alisema, niambie ni nini kilichobadilika kabla yake. Ukishindwa kuniambia, mwaga. Nimemwaga kazi nyingi nzuri kwenye sinki la chumba kile, nikiwa nimekunja uso, naye akinitazama kwa utulivu wa mtu anayejua kwamba kesho nitarudi.

Wazo alilolipenda kuliko yote lilikuwa hili. Kwamba mafuta na maji hayachanganyiki, hata mtoto anajua. Lakini yapo maji na maji yasiyochanganyika. Chukua maji, utie ule unga mweupe ambao watu wa dawa hutia kwenye malhamu na kwenye dawa za kulainisha choo. Chukua maji mengine, utie dekstrani, sukari ya mnyororo mrefu inayotengenezwa na bakteria. Yamimine pamoja ndani ya mrija wa kioo, utikise, uache. Yatajitenga yenyewe, haya juu na haya chini, na katikati utaona mstari mwembamba ambao usipouelekeza mrija dirishani unaweza usiuone. Juu ni maji na chini ni maji. Ukitia protini humo, itachagua pa kukaa.

Kinachoifanya ichague ni nini? Mwalimu alisema ni chaji. Kila protini hubeba chaji ya umeme, hasi au chanya, kulingana na uchachu wa maji iliyomo. Chumvi nayo ukiitia majini hugawanyika, sehemu yenye chaji hasi na sehemu yenye chaji chanya, na sehemu hizo mbili hazipendi maji ya juu na ya chini kwa kiasi kimoja. Moja huvutwa juu zaidi, nyingine chini zaidi, na pale kwenye mstari panatokea umeme kidogo mno, usioweza kuwasha hata tochi. Umeme huo ndio unaoiita protini ipande au unaoisukuma ishuke. Ukijua chumvi ya kutia, unaipeleka protini unakotaka bila mashine yoyote ya maana.

Wazungu walikuwa wameandika habari hizo zamani, na Mwalimu hakudai kwamba amezivumbua yeye. Alichodai ni kwamba zingefaa kwa protini yetu. Ule mwani wa maziwa ya magadi, uliokuwa chakula cha ndege heroe kabla ziwa letu halijafurika na heroe kuhamia kwingine, ni wa kijani kwa nje, lakini ukiuloweka na kuuchuja hutoa protini ya buluu, nzuri mno, ambayo viwanda vya vyakula na vya vipimo vya hospitali huitafuta. Mwalimu alisema buluu hiyo ina chaji hasi nyingi, kwa hiyo ukitia chumvi ya salfeti itapanda juu yote na kuacha uchafu wake chini. Kazi hiyo, alisema, inaweza kufanywa kwa ndoo na akina mama wa kando ya ziwa Elmenteita. Wenzake chuoni walicheka. Walimwambia protini ile ni kubwa mno, itazama kwa ukubwa wake, na chaji haitakuwa na la kusema. Wakamwita Mwalimu wa Ndoo. Jina hilo lilimfuata mpaka kwenye sherehe ya kumuaga, ambapo mtu mmoja asiye na haya alimpa zawadi ya ndoo ya plastiki, na Mwalimu akaipokea na kushukuru. Mimi ningemvika mtu huyo ndoo yake kichwani.

Hakuwahi kupata nafasi ya kulijaribu wazo lake. Dekstrani haiuzwi Nakuru, na chuo hakikuona sababu ya kuiagiza. Miaka ikaenda. Kisha macho yake yakaanza kuharibika.

Ilikuwa presha ya macho, ugonjwa unaokula pembeni kwanza, polepole, mpaka mtu anabakiwa na tundu dogo katikati. Ukikaa kando yake hakuoni. Ukikaa mbele yake anaona pua yako, kisha anasogeza kichwa akutafute mdomo. Daktari alimwambia waziwazi kwamba tundu hilo litafunga na kwamba matone yanachelewesha tu. Mwalimu aliporudi kutoka hospitali siku hiyo alimpigia simu Makhanu, mwanafunzi wake wa zamani aliyeko Ulaya, na kwa mara ya kwanza maishani mwake nikamsikia akiomba kitu kwa sauti ya kuomba. Makhanu ni mtu mwema. Pakiti ya dekstrani ilifika na barua fupi ya salamu.

Kutoka hapo Mwalimu alitaka kitu kimoja tu: aione buluu ikipanda, kwa macho yake mwenyewe, kabla tundu halijafunga. Hakutaka kuambiwa. Alikuwa ameambiwa mambo mengi maishani.

Mke wake, Wangeci, ambaye mimi humwita Mama Jackie kwa jina la binti yao, alijua jambo hilo lina uzito gani ingawa hakujua lenyewe ni nini. Alikuwa mwalimu wa watoto wadogo wa nasari, na kemia kwake ilikuwa mambo ya chupa. Lakini alikuwa na imani kubwa katika usafi. Alisugua masufuria ya watu wengine akiwa mgeni. Juma lile mifereji ilikuwa imekauka, mgao wa maji ulikuwa umefika kwetu, na bado alipata maji ya kupiga deki maabara, akafuta vumbi kwenye madirisha ili mwanga uingie vizuri, akamkata Mwalimu kucha. Siku iliyotangulia niliukuta mtungi wetu wa manjano umesimama mlangoni ukiwa unang'aa. Ule ukungu wa kijani uliokuwa umeota shingoni haukuwepo tena. Nilifurahi, nikaenda nao kwa fundi.

Ilikuwa Julai, na anayejua Julai ya Nakuru anajua baridi yake. Ukungu ulikuwa umefunika mlima Menengai tangu alfajiri. Mwalimu aliingia akiwa amevaa koti na tai, akapapasa kiti chake kando ya dirisha, akakaa. Nilianza kuandaa maji. Mita ya kupima uchachu ilionyesha kwamba yameegemea upande wa magadi kuliko kawaida, nami nikamwambia. Alisema labda yamekaa sana kwa fundi, nidondoshe asidi mpaka yatulie. Nilidondosha matone mengi kuliko siku nyingine, yakatoa vipovu kidogo, kisha mita ikatulia pale tulipotaka. Tukaendelea.

Tuliandaa mirija mitatu. Mmoja haukuwa na chumvi, na huo ulitakiwa kuonyesha buluu juu na chini. Wa pili ulikuwa na chumvi ya potasiamu, na humo buluu ilitakiwa ishuke. Wa tatu ulikuwa na salfeti. Huo ndio uliokuwa mrija wake. Nilitia buluu, nikaziba, nikatikisa yote, nikaipanga kwenye kishikio cha mbao mbele ya dirisha. Nilipofungua mdomo kusema neno alininyamazisha kwa mkono.

"Leo usiniambie kitu," alisema. "Mwenye macho haambiwi tazama."

Tulisubiri. Maji ya aina hiyo hayana haraka. Kwanza yanakuwa kama mawingu, halafu mawingu yanaanza kushuka, na mstari unajitokeza. Mwalimu alikuwa ameinamisha uso karibu na kioo, akisogeza kichwa kidogo kidogo, juu, chini, juu, akitafuta kwa tundu lake. Mimi niliona kabla yake. Niliona mrija wa kwanza buluu imeshuka. Niliona wa pili imeshuka. Niliutazama wa tatu mpaka macho yakaniuma, kana kwamba kutazama kungeisaidia, na buluu ilikuwa imelala chini, nzito, na juu palikuwa peupe.

Alichukua muda mrefu kuipata. Hatimaye akaipata. Aliunyanyua mrija wa tatu, akauelekeza kwenye mwanga, akaurudisha. Kisha akaniambia nirudie.

Nilirudia kwa maji yaleyale na unga uleule. Ikashuka tena mirija yote mitatu. Mwalimu alitikisa kichwa polepole.

"Walisema itazama," alisema. "Imezama. Chaji haikuwa na la kusema."

Nilimwambia tujaribu tena kesho, kwamba labda mwani umeharibika, labda dekstrani imepata joto njiani. Aliniuliza ni nini kati ya hayo ninachokijua. Sikukijua hata kimoja. Akavua miwani, akaifuta kwa tai, ingawa miwani ile ilikuwa haimsaidii tena, akaelekea nyumbani akishika ukuta. Mama Jackie alikuwa amechinja kuku. Tulimla kwa heshima, watu watatu mezani, na hakuna aliyeomba aongezewe.

Mvua za masika zilipofika tundu lilikuwa limefunga. Nilidhani nitamwona akilia au akikasirika, na ningefurahi kuona lolote kati ya hayo. Alikaa tu. Alikaa kwenye kiti chake sebuleni, redio ikiwa imewashwa kwa sauti ya chini, na mtu akimsalimu alijibu. Nilikuwa nikimsomea majarida ya kemia, ananishukuru, na nikimaliza hajui nimesoma nini. Mwanzoni nilifikiri ni macho. Haikuwa macho. Alikuwa amejiandaa kwa miaka kuwa kipofu. Hakuwa amejiandaa kuwa Mwalimu wa Ndoo.

Mama Jackie ndiye aliyekuwa macho yake sasa. Alimwambia rangi ya shati, alimwambia maua yamechanua, alimwambia mboga zimeiva vizuri hata zilipokuwa zimeungua. Alikuwa na sauti ya kumwambia mambo hayo, tamu kupita kiasi, sauti ya nasari. Mwalimu alikuwa akiitikia kila kitu. Nadhani alikuwa ameacha kuamini kitu chochote kinachosemwa kwa sauti hiyo, lakini alimpenda, kwa hiyo aliitikia.

Kisha Mama Jackie akaniomba niondoe vitu maabara. Alitaka kufuga kuku wa mayai mle. Sikuwa na sababu ya kukataa, ila nilikasirika, na nikikasirika nafanya kazi haraka. Nilifunga vioo kwenye magazeti, nikajaza katoni. Nyuma ya kabati nikapata pakiti ya Makhanu, na ndani yake dekstrani iliyobaki, ya kutosha mirija michache. Kwenye jokofu kulikuwa bado na mwani.

Nilifanya kwa ukaidi tu. Nilitaka kuiona ikizama mara moja zaidi ili niilaani. Mtungi haukuwepo, ulikuwa umeenda kutumika jikoni, kwa hiyo nilivuka barabara nikanunua chupa ndogo ya maji ya betri iliyofungwa kwa lakiri. Mita haikuegemea upande wa magadi. Sikuhitaji asidi ila tone moja. Nikaandaa mirija mitatu kama siku ile, nikatikisa, nikaiweka dirishani, nikarudi kwenye katoni zangu.

Nilipogeuka mstari ulikuwa umetulia. Mrija usio na chumvi ulikuwa na buluu juu na chini. Wa potasiamu ulikuwa na buluu chini. Na mrija wa salfeti ulikuwa na buluu juu, yote, imesimama juu ya mstari, na chini ya mstari palikuwa maji matupu yenye uchafu kidogo. Nilicheka kwa sauti, mdomo wazi, meno yote nje, peke yangu kwenye kibanda cha mabati.

Nilirudia kwa dekstrani iliyobaki. Ikapanda tena. Kisha nikasikia sauti yake kichwani, ile ya zamani, ikiniuliza ni nini kilichobadilika, na nikajua kwamba siwezi kuingia kwake bila jibu. Nilitoka nje na mrija wa salfeti mfukoni mwa koti, nikifikiria mwani, nikifikiria joto, na nikasikia kelele ya mawe.

Mama Jackie alikuwa kando ya bomba, ameinama, anautikisa mtungi wa manjano kwa mikono miwili. Ndani ya mtungi kulikuwa na kokoto, na maji kidogo, na jivu la jikoni. Ni njia ya kwetu sote, hata mama yangu kule Njoro aliosha mitungi hivyo. Unatia kokoto na jivu, unatikisa mpaka ukungu wote utoke, unamwaga. Alipoacha kutikisa alinitolea tabasamu. Mikono yake ilikuwa ya kijivu hadi kwenye vifundo.

Nilimuuliza kama huwa anaosha mtungi huo hivyo kila mara.

"Huu? Apana, huu ulikuwa wenu, singeugusa," alisema. "Niliuosha hivi siku moja tu, ile siku ya Baba Jackie. Maji ilikuwa imepotea, nikasuza na kikombe moja tu. Lakini nilisugua, Jepleting. Nilisugua mpaka mabega ikauma. Nilitaka siku yake ikuwe safi."

Akaugeuza mtungi kichwa chini. Kokoto zilitoka, na maji ya kijivu, na mwishoni, kutoka ndani ya mkono wa mtungi ambao ni mtupu kama bomba, likadondoka tope zito la jivu.

Jivu la kuni ni potasiamu. Kila mwanafunzi wa kemia wa mwaka wa kwanza anajua hilo. Ndiyo maana maji yaliegemea upande wa magadi siku ile. Ndiyo maana nilidondosha asidi nyingi, na asidi ilipokutana na jivu ikatoa vipovu na kuacha chumvi ya potasiamu, ileile inayoisukuma buluu chini. Tulikuwa tumeitia kwenye mirija yote mitatu kabla hata hatujaanza, nyingi hata ikaishinda salfeti. Chaji ilikuwa imesema kwa sauti kubwa, nasi tukasikia kwamba imenyamaza.

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa limesimama mbele yangu na mikono ya jivu, linaniuliza kama nitakunywa chai.

Mwalimu aliita kutoka sebuleni, akitaka kujua ni nani aliyekuwa akicheka kibandani. Hakuwa ameuliza swali la aina hiyo kwa miezi. Niliingia. Nilipiga magoti mbele ya kiti chake, nikauweka mrija mkononi mwake, nikamwambia kwamba nimerudia, na kwamba buluu imepanda.

Aliushika kwa vidole vya mikono miwili. Aliusimamisha wima, kwa uangalifu, na kichwa chake kikaanza kile kitendo cha zamani, juu, chini, juu, macho yakitafuta tundu ambalo halikuwepo. Sijui kama alijua anafanya hivyo. Sitaki kukumbuka, na nakumbuka.

"Mama Jackie," aliita. "Kuja. Blue iko wapi?"

Wangeci alisimama mlangoni, mikono yake bado michafu, akaniangalia mimi kwanza. Nilielekeza macho juu. Akasema kwa ile sauti yake tamu kwamba iko juu, Baba Jackie, iko juu kabisa, ni maridadi sana.

Uso wa Mwalimu ulijifunga. Nilimwona akijifunga. Aligeukia upande wangu na akaniuliza swali nililokuwa nalingoja.

"Nini imebadilika, Jepleting?"

Nilitazama mlangoni, aliposimama Wangeci.

"Mwani ni ile ile?"

Nikasema ndiyo.

"Dekstrani ni ile ya Makhanu?"

Nikasema ndiyo.

"Na maji?"

Wangeci alikuwa anapangusa mikono kwenye aproni. Alikuwa ananitazama kwa matumaini makubwa, akitaka nimfurahishe mume wake, na hakuwa na habari yoyote. Neno lilikuwa mdomoni mwangu, na lilikuwa neno dogo. Ningelisema, Mwalimu angepona. Angeinuka kutoka kiti kile akiwa mtu aliyekuwa sahihi maisha yake yote. Na mwanamke huyu, ambaye kila asubuhi humvalisha soksi, angejua kwamba kitu cha mwisho ambacho mume wake alitaka kukiona duniani alinyimwa na mikono yake yeye. Nilifikiria kumwambia Mwalimu siku nyingine akiwa peke yake, lakini Mwalimu hakuwa na siku ya kuwa peke yake tena. Na hata angekuwa nayo, asingeweza kuficha. Angemwambia si kitu, Wangeci, na Wangeci angesikia jinsi alivyosema.

"Ni maji ya betri," nilisema. "Kama kawaida."

Alitikisa kichwa. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Wewe ni mtoto mzuri," alisema. "Lakini mimi sikukufundisha hivi."

Alizibua mrija kwa kidole gumba, akapapasa meza mpaka akapata sahani ya chini ya kikombe, akamimina. Maji ya juu na ya chini yakatoka pamoja yakawa kitu kimoja. Yalijaa sahani yakafurika mezani. Wangeci alikimbia na kitambaa, akapangusa, na kitambaa kikawa cha buluu. Mwalimu aliongeza sauti ya redio.

Sikunywa chai. Wangeci alinisindikiza hadi langoni, kama anavyomsindikiza kila mgeni, na alipokuwa na uhakika kwamba Mwalimu hatusikii alinishika mkono.

"Asante kwa kujaribu," alisema. "Mimi hata sijui ilifaa kuwa juu ama chini. Nilisema tu vile wewe ulisema, ndio afurahi. Lakini huyo mzee huwezi kumdanganya."

Nilimwambia ni kweli, hadanganyiki. Ukungu ulikuwa unashuka tena kutoka Menengai na nguo zilizoanikwa uani zilikuwa bado na maji. Wangeci aliniambia ningoje, akarudi ndani haraka, akatoka na mtungi wa manjano.

"Usiende mikono mitupu. Hii ni yako sasa. Siku ukipata maabara yako utaweka maji yako ndani. Nimeiosha vizuri, na jivu, haina hata harufu."

Niliupokea. Ulikuwa umeng'aa kama siku ile. Nilimwambia, asante, Mama Jackie.

"Wema hauozi," alisema, akafunga lango.

Nilitembea nao mpaka stejini. Kokoto moja ilikuwa imekwama ndani ya mkono wa mtungi, na kila nilipopiga hatua iligonga. Mwenye boda boda aliniuliza nimebeba nini humo, mathe, mbona inalia. Nilifumba mdomo, nikapanda, nikamwambia twende.